Theluthi inayodanganya: vipimo vya mikanda, misalaba na mapindo kwenye nembo za ngao

Vitabu vya zamani vya Kiingereza kuhusu nembo za ngao hurudia sheria moja: umbo kuu lichukue theluthi ya ngao. Anayeanza kuchora huibeba kama ilivyo. Anagawa urefu wa ngao kwa tatu, anapiga mstari, anajaza rangi, kisha anabaki kuitazama nembo iliyokaa kama mtoto aliyevaa kofia ya babu yake. Theluthi ya nini hasa? Ya urefu, ya upana, au ya eneo? Kila jibu linatoa mchoro wake, kwa kuwa ngao ni pana juu na imechongoka chini. Mimi nashikilia eneo. Nimepiga hesabu za maumbo ya msingi kwenye ngao moja, ili uone wapi theluthi inafaa na wapi inaharibu kazi.

Maumbo yenyewe si mengi. Kuna kichwa, yaani ukanda unaokaa juu kabisa ya ngao. Kuna mkanda wa mlalo unaokata katikati, mkanda wa wima, na mkanda wa mshazari unaotoka kona ya juu kushuka upande wa pili. Kuna msalaba, msalaba wa mshazari wenye umbo la X, shevroni iliyosimama kama V iliyopinduliwa, na kabari inayoshuka kutoka juu. Pindo huzunguka ukingo wote. Halafu kuna vidogo: uru kama wa karata, visahani vya duara, vibao vya mstatili. Nembo nyingi za Ulaya za karne ya 12 na 13 zisizo na mnyama wala ndege zilijengwa kwa hayo tu.

Ngao ya kufanyia kazi

Umbo linalochorwa zaidi ni la ngao ya wapanda farasi wa Ulaya wa karne ya 13: juu pamenyooka, mbavu zinashuka wima kidogo, kisha zinajikunja hadi ncha. Piga mstari wa juu wa sentimita 12. Kila upande shusha mstari wima wa sentimita 4, yaani theluthi ya upana. Chomeka sindano ya bikari mwisho wa mstari wa kushoto, ifungue sentimita 12, weka penseli mwisho wa mstari wa kulia, na uchore tao kushuka hadi katikati. Hamia upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Matao mawili yatakutana kwenye ncha, na ngao nzima itakuwa na urefu wa sentimita 14.4.

Sindano ikikaa juu au chini ya mwisho wa mstari wima, hata kwa milimita 2, utaona kiwiko pale ubavu unapoanza kujikunja. Tao linaungana na ubavu kwa ulaini kwa sababu kitovu chake kiko usawa mmoja na mwisho wa mstari ule.

Eneo la ngao hii ni takriban sentimita za mraba 136. Mstatili wa juu peke yake ni 48. Ukiikata ngao katikati ya urefu wake, yaani sentimita 7.2 kutoka juu, sehemu ya juu inabeba asilimia 63 ya eneo lote. Mstari unaogawa eneo nusu kwa nusu uko sentimita 5.7 tu kutoka juu. Pengo hilo la sentimita 1.5 ndilo chanzo cha makosa mengi ya kuchora, nami hupendekeza katikati ya jicho, yaani mahali jicho linapopaona kuwa katikati, iwekwe kati ya sentimita 6 na 6.5. Chora mstari mwembamba wa penseli hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo moja la lugha ya fani kabla ya kuendelea: kulia na kushoto kwa ngao ni kwa aliyeishika, aliyesimama nyuma yake. Wewe unayetazama karatasi unaona kinyume. Kulia kwa ngao ni kushoto kwako. Nitakaposema "kwako", namaanisha mtazamaji.

Kichwa na mikanda iliyonyooka

Kichwa ndicho kinachoumizwa zaidi na theluthi ya urefu. Theluthi ya 14.4 ni 4.8, na kichwa cha kina hicho kinameza asilimia 42 ya eneo, kwa kuwa kimekaa mahali papana kuliko pote. Kilichobaki chini kinaonekana kama kitu kilichoning'inia. Chukua robo ya urefu badala yake, sentimita 3.6, na utapata asilimia 32. Hiyo ndiyo theluthi ya kweli. Kama kichwa kina alama ndani yake, tuseme nyota tatu, unaweza kufika sentimita 4, ambako mbavu zinaanza kujikunja. Zaidi ya hapo sioni sababu.

Kichwa kina tabia nyingine: kinahamisha vyote vilivyo chini. Ukiwa na msalaba wa mshazari pamoja na kichwa, kama kwenye nembo ya ukoo wa Bruce wa Uskoti, uwanja (yaani rangi ya nyuma ya ngao) wa dhahabu wenye X nyekundu na kichwa chekundu, mikono ya X haianzii kwenye kona za ngao na kufichwa na kichwa. Inaanzia kwenye kona za uwanja uliobaki chini ya kichwa. Wanaotumia kompyuta hukosea hapa kila mara: wanaweka X kamili, wanabandika kichwa juu yake, na X inabaki na mikono mifupi juu na miguu mirefu chini.

Mkanda wa mlalo una bahati. Uupe upana wa sentimita 4, theluthi ya upana wa ngao, uuweke katikati ya jicho kwenye 6.5, na utachukua asilimia 33 ya eneo. Hesabu na sheria vimekutana. Ukiuweka kwenye katikati ya urefu, 7.2, utaonekana kama umeteleza kiunoni, na nafasi ya chini itakuwa finyu kwa alama yoyote.

Mkanda wa wima wa sentimita 4 unachukua asilimia 40, kwa sababu unapita mahali ambapo ngao ni ndefu kuliko pote. Kama hauna alama ndani, upunguze hadi 3.3. Kama una alama tatu zilizopangana juu kwa chini, uache uwe 4, lakini alama ya chini isifuate vipimo vya mbili za juu: ncha ya ngao inaikaba, basi ipandishe kidogo.

Mshazari

Mkanda wa kawaida wa mshazari unaanzia kona ya juu kushoto kwako na kushukia kulia kwako. Sheria ya zamani inaupa theluthi ukiwa na alama na sehemu ya tano ukiwa mtupu, na hapa sheria ina akili: kwenye ngao yetu mkanda wa sentimita 2.4 unachukua karibu robo ya eneo, na wa sentimita 4 unachukua karibu asilimia 40.

Kosa kubwa ni kuanzia ukingo wa mkanda kwenye kona. Kinachoanzia kwenye kona ni mstari wa katikati wa mkanda. Piga mstari wa nyuzi 45 kutoka kona. Utapita sentimita 6 kutoka juu kwenye mhimili wa ngao na kutokea ubavu wa pili kwenye kina cha sentimita 10.25. Sasa kingo mbili: kwa mkanda wa 2.4, kila ukingo uko 1.2 kutoka mstari huo, kwa kupima mraba, yaani kwa pembe ya nyuzi 90 na mstari. Lakini kwenye mstari wa juu wa ngao hutapima 1.2. Utapima 1.2 mara 1.414, yaani sentimita 1.7 kutoka kona, na 1.7 nyingine kushuka kwenye ubavu. Anayepima 1.2 pale juu hupata mkanda wa sentimita 1.7 badala ya 2.4, na hajui umepungulia wapi.

Alama zinazowekwa juu ya mkanda huu hulala kufuata mwelekeo wake isipokuwa maelezo ya nembo yaseme vingine. Ua, upanga, ndege, vyote vinainama pamoja na mkanda. Ukizisimamisha wima, umechora nembo nyingine.

Mkanda ukielekea upande wa pili, kutoka juu kulia kwako, ni umbo halali kama lingine lolote. Watu wengi huamini kwamba ni alama ya mtoto wa nje ya ndoa. Iliyotumika sana Uingereza kwa shughuli hiyo ni fimbo nyembamba ya mshazari iliyokatwa ncha zote mbili, isiyogusa kingo za ngao, na hata hiyo haikuwa njia pekee.

Kuhusu urahisi wa maumbo haya na gharama yake, kuna kesi mashuhuri. Mwaka 1385, jeshi la Mfalme Richard II wa Uingereza lilipoingia Uskoti, Richard Scrope alimkuta Robert Grosvenor amebeba ngao ile ile aliyobeba yeye: uwanja wa buluu, mkanda wa mshazari wa dhahabu, basi. Shauri likaenda kwenye mahakama maalumu ya mambo ya nembo, mashahidi wakaitwa kwa mamia, na mmoja wao mwaka 1386 alikuwa mshairi Geoffrey Chaucer. Hukumu ya 1389 ilimpa Scrope ngao na kumruhusu Grosvenor aibebe kwa kuongeza pindo la fedha. Mwaka 1390 mfalme mwenyewe aliikataa ruhusa hiyo: pindo tupu linamtosha ndugu wa damu, lakini halitoshi kumtofautisha mtu baki. Ukibuni nembo yenye umbo moja na rangi mbili, chukulia kwamba mtu tayari anayo.

Misalaba

Msalaba ndio unaoonyesha wazi kwa nini wazee walikuwa na sheria mbili, ya theluthi na ya sehemu ya tano. Mikono ya sentimita 4 inameza asilimia 62 ya ngao. Uwanja unageuka kuwa vipande vinne vidogo pembeni, na jicho linaanza kusoma msalaba kama uwanja. Mikono ya sentimita 2.4 inachukua asilimia 41, na huo ndio msalaba unaosomeka kama msalaba. Weka mhimili wa mkono wa mlalo kwenye sentimita 6. Mikono yote minne inafika kwenye kingo za ngao. Ukitaka iishie hewani lazima maelezo yaseme hivyo.

X nayo huchorwa kwa mistari miwili ya nyuzi 45 kutoka kona zote mbili za juu, ikikutana kwenye 6. Kwa mkanda wa 2.4, pale juu unapima tena 1.7 kila upande wa kona. Wapo wanaoisimamisha X zaidi ili miguu ifike karibu na ncha. Matokeo yake ni kwamba nafasi ya chini inakuwa nyembamba, na alama iliyotakiwa kukaa pale inabanwa. Nyuzi 45 zinakupa pembetatu ya juu yenye nafasi ya kutosha, na za pembeni zinazofanana nayo kimo.

Shevroni

Hapa ndipo ninapoona kazi mbovu nyingi. Shevroni ikilala sana inakuwa mkanda wa mlalo uliokunjika. Ikisimama sana inakuwa kabari iliyogeuzwa. Pembe ya nyuzi 90 kileleni inafaa kwenye ngao hii, na unaweza kushuka hadi 75 kama ngao ni ndefu na nyembamba.

Kwa nyuzi 90 na miguu ya sentimita 2.4, weka kilele cha nje kwenye sentimita 4 kutoka juu. Unene wa 2.4 hupimwa mraba kwenye mguu. Ukipima wima kwenye mhimili, unapata 3.4, hivyo kilele cha ndani kinakaa kwenye 7.4. Ukingo wa nje utagusa ubavu kwenye kina cha karibu 8.9 na wa ndani karibu 11.1. Chini ya kilele cha ndani unabaki na sentimita 7 za kimo hadi kwenye ncha.

Mpangilio wa kawaida ni shevroni kati ya alama tatu, mbili juu na moja chini. Wachoraji wengi huzifanya zote tatu kipimo kimoja, kisha ya chini inaonekana ndogo au imezama. Anza na ya chini. Ichore ijaze nafasi yake vizuri, halafu punguza za juu kwa kipimo kidogo hadi jicho lione ziko sawa. Maelezo ya nembo hayasemi lolote kuhusu ukubwa, kwa hiyo una uhuru wote wa kufanya hivyo.

Familia ya Stafford ya Uingereza ilibeba shevroni moja nyekundu kwenye dhahabu, na ya Clare tatu nyekundu kwenye dhahabu. Zikiwa tatu, kila moja inabidi ipungue unene; ukizichora kwa 2.4 hazitoshi. Kwenye ngao ya 12 mimi huzipa 1.3, na nafasi baina yao huifanya pana kidogo kuliko shevroni zenyewe, isije ikasomeka kama mistari.

Mistari au mikanda? Hesabu

Hili huwachanganya hata wenye uzoefu. Uwanja uliogawanywa kwa mistari ya rangi mbili una idadi shufwa ya vipande: sita, nane, kumi. Idadi ikiwa witiri, rangi inayoanza na kumalizia ndiyo uwanja, na nyingine ni mikanda juu yake.

Nembo ya Aragon, ufalme wa zamani katika Uhispania ya leo, ni mikanda minne myembamba ya wima, nyekundu, kwenye uwanja wa dhahabu. Hesabu vipande: tisa, vitano vya dhahabu na vinne vyekundu. Kwenye ngao ya 12 kila kimoja kina sentimita 1.33. Mistari ya Árpád, ukoo wa wafalme wa zamani wa Hungaria, ni mgawanyo wa mlalo wa vipande vinane, nyekundu na fedha, ukianza na nyekundu na kumaliza na fedha. Jihadhari nayo kwenye ngao yenye ncha: ukigawa 14.4 kwa nane, kila mstari una 1.8, lakini wa mwisho uliobanwa kwenye ncha una eneo linalokaribia moja ya tano tu ya ule wa kwanza. Mistari mingi ya mlalo inataka ngao yenye tako la mviringo.

Marekani ndiyo mfano wa kufundishia kosa. Maelezo ya mhuri wao mkuu, yaliyopitishwa tarehe 20 Juni 1782, yanataja mgawanyo wa wima wa vipande kumi na vitatu, fedha na nyekundu, wenye kichwa cha buluu. Kwa kanuni ya shufwa ilipaswa kuandikwa uwanja wa fedha wenye mikanda sita myekundu ya wima. Walitaka namba 13 isomeke kwenye maandishi, kwa ajili ya majimbo. Mchoro ni ule ule. Ila asiye makini akiufuata kama mgawanyo wa kawaida hujikuta na 12 au 14.

Rangi na kanuni ya kutengana

Dhahabu na fedha huitwa metali, na huchorwa kwa njano na nyeupe. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ni rangi. Metali haikai juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Mkanda mwekundu kwenye uwanja mweusi hauonekani ukiwa mbali, na sababu ni hiyo tu. Mfalme wa Jerusalem alibeba misalaba ya dhahabu kwenye fedha, na ndiyo maana nembo hiyo hutajwa kila kanuni hii inapozungumzwa.

Kanuni inahusu kitu kilichowekwa juu ya kingine. Vipande vilivyokaa ubavu kwa ubavu kwenye uwanja uliogawanywa havihusiki. Nembo ya taifa ya Kenya ya mwaka 1963 inaonyesha yote mawili kwa mkupuo. Uwanja umegawanywa kwa mlalo: nyeusi juu, kijani chini. Rangi kando ya rangi, hakuna tatizo. Juu yake kuna mkanda wa mlalo mwekundu, na huo ungevunja kanuni mara mbili, juu kwa nyeusi na chini kwa kijani. Tiba yake ni ukingo mwembamba mweupe kwenye pande zote mbili za mkanda. Jogoo mweupe mwenye shoka anakaa kwenye nyekundu, metali juu ya rangi, safi.

Ukingo huo mwembamba unataka uangalifu. Kwenye mkanda wa sentimita 4, uupe milimita 3 kila upande, na uuhesabu ndani ya zile sentimita 4. Ukiuongeza kwa nje mkanda unavimba hadi 4.6. Halafu fikiria matumizi. Ngao ya sentimita 12 ikipunguzwa hadi sentimita 2 kwa ajili ya barua au tovuti, milimita 3 inakuwa nusu milimita, na kwenye uchapaji duni wino mwekundu unaimeza. Tengeneza nakala ya pili kwa matumizi madogo, yenye ukingo uliozidishwa unene mara moja na nusu. Hakuna kanuni inayokukataza.

Pindo

Pindo lina hila kuliko maumbo yote, kwa sababu linaonekana jembamba huku likila eneo kimyakimya. Pindo la sentimita 2, moja ya sita ya upana, linachukua asilimia 55. Zaidi ya nusu ya ngao! Hata la sentimita 1.2, moja ya kumi, linachukua asilimia 36. Kwa pindo tupu chora 1.2. Likiwa na alama ndani, kama pindo jekundu la Ureno lenye ngome saba za dhahabu, panda hadi 1.6 au 1.8 na ukubali kwamba vya katikati vitapungua.

Wengi hulichora kwa kunakili ngao na kuipunguza hadi asilimia 80. Usifanye hivyo. Mbavu zitapata 1.2, juu kutapata zaidi au pungufu kulingana na mahali ulipoiweka nakala, na matao hayatakwenda sambamba. Rudi kwenye bikari: vitovu vile vile viwili, lakini badala ya 12 ifungue 10.8. Mstari wa juu wa ndani unashuka 1.2. Ncha ya ndani itakaa sentimita 13 kutoka juu, na unene pale nchani utakuwa 1.4. Ziada hiyo ya milimita 2 ni ya kawaida kwenye pindo lolote lenye upana sawa, usiirekebishe. Kwenye programu ya kuchorea tumia amri ya kusogeza njia kwa umbali sawa, si ya kubadilisha ukubwa.

Pindo hufunika mkanda, msalaba na shevroni. Kwa desturi ya Uingereza kichwa hufunika pindo. Na nembo mbili za mume na mke zikiunganishwa ubavu kwa ubavu kwenye ngao moja, pindo hukatwa kwenye mstari wa kuungania. Haliendelei kushuka katikati.

Kingo zenye meno

Ukingo wowote wa maumbo haya unaweza kuwa wa mawimbi, meno ya msumeno, boma la ngome, au vijitao. Mawimbi hutumika sana kwa maji. Tako la ngao kwenye nembo ya Tanzania lina mawimbi ya buluu na nyeupe. Boma la ngome kwenye mkanda wa mlalo, kwa Waingereza, liko ukingo wa juu tu. Ukitaka chini pia lazima isemwe.

Vijitao ni vya aina mbili, na tofauti yake ni mwelekeo. Katika aina ya kwanza matao yanauma ndani ya umbo na ncha zinachomoza nje kuelekea uwanjani. Katika ya pili matao yanatuna nje na ncha zinaingia ndani ya umbo. Kuzigeuza ni kubadilisha nembo, na hutokea sana mtu anaponakili pindo: ukingo wake uko upande wa ndani, hivyo "nje ya umbo" maana yake ni kuelekea katikati ya ngao.

Tumia meno machache na makubwa. Kwenye mkanda wa sentimita 12, vijitao 6 hadi 8 kila ukingo vinatosha, vyenye kina cha robo hadi theluthi ya upana wao. Vikiwa 20, kwa mbali vinasomeka kama mstari uliochorwa na mkono unaotetemeka. Anza kugawa kutoka katikati kwenda pembeni, ili kipande kilichokatwa na ubavu kiwe sawa pande zote mbili. Kwenye msalaba anza kwenye pembe nne za ndani, mikono inapokutana; kwenye pindo anza kwenye kona mbili za juu na ncha ya chini.

Vidogo

Nitavipita haraka. Uru ni mrefu kidogo kuliko upana wake. Uru mwembamba uliorefushwa, kimo mara mbili ya upana au zaidi, ni umbo jingine lenye jina lake, na familia ya Percy ilibeba matano ya dhahabu yaliyoshikana kwa mlalo kwenye buluu. Matano kwenye ngao ya 12 ni 2.4 kila moja, na kimo cha sentimita 5 kinayatosha; yaguse kingo na yagusane. Uru uliotobolewa katikati kwa uru mdogo ni umbo la tatu. Visahani vitatu vyekundu kwenye dhahabu ni vya familia ya Courtenay: viwili juu, kimoja chini, na tena anza na cha chini.

Kabari iupe theluthi ya mstari wa juu, sentimita 4, au 5 ikiwa na alama, na isimamishe sentimita 2 kabla ya ncha ya ngao. Ikianzia kona hadi kona, hiyo si kabari tena, umegawanya uwanja.

Kwenye kompyuta na kwenye nyeusi-na-nyeupe

Chora mikanda yote ikizidi kingo za ngao, kisha ikate kwa kutumia ngao kama kinyago. Mteja akibadilisha umbo la ngao kesho, mikanda inabaki salama. Pindo peke yake ndilo utakalolichora upya, maana linazaliwa na ukingo.

Nembo ikichapwa bila rangi, tumia mistari ya Silvester Petra Sancta, Mjesuiti wa Italia, ya mwaka 1638: dhahabu ni vitone, fedha ni tupu, nyekundu ni mistari ya wima, buluu ya mlalo, nyeusi ni wima na mlalo kwa pamoja. Kijani ni mistari ya mshazari inayoshuka kutoka juu kushoto kwako kwenda chini kulia, zambarau kinyume chake. Mistari hii hupimwa kwa ngao, si kwa umbo. Ukiwa na mkanda wa mshazari wa kijani, mistari yake inakwenda sambamba na kingo za mkanda wenyewe na inakaribia kupotea. Iache hivyo hivyo na uongeze unene wa kingo. Ukiigeuza ili ionekane vizuri, umeupaka mkanda zambarau.